Seng'enge ya Mivinjeni

Nilifika msibani Rahaleo, Mtwara, nikiwa nimechelewa. Basi lilikuwa limetuharibikia njiani, na nilipoingia uani wanaume walikuwa wamekwisha kurudi kutoka makaburini na wanawake wanapakua chakula. Nikapewa pole, nikasogezewa nafasi mkekani, nikawekwa kwenye sinia moja na wanawake watatu nisiowajua. Mmoja wao, mama wa makamo mwenye macho yaleyale ya Zuhura tuliyekuja kumzika, alikuwa akiwasimulia wenzake habari za marehemu. "Mama alikuwa mkali kwa mambo ya bahari," alisema. "Sisi hatukuwahi kwenda kuoga pwani bila yeye. Ujanani alifukuzwa kazi, mtoto wa watu nusura afe maji kwa uzembe wake. Tangu hapo ikamkaa." Wenzake wakaguna kwa huruma. Mimi nilikuwa na tonge mkononi. Nikalitia mdomoni, nikatafuna, nikameza, na sikusema neno. Nina miaka sabini na ushei, nimestaafu ualimu, sina mkubwa wa kazi wa kumwogopa tena, na bado sikusema neno. Nilirudi kwangu nimekasirika, na hasira yenyewe haikuwa juu ya yule binti. Siku ya arobaini nikapanda basi tena, nikaomba tukae chumbani sisi wawili tu, nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, "Andika, mama. Ukiniambia mimi peke yangu, hawa wengine nitawaambiaje?" Basi naandika.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Vita vya ng'ambo ya Ruvuma vilikuwa havijaisha, na kila wiki walikuwapo watu waliovuka mto na vitu vyao kichwani. Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza chuo cha ualimu, nangoja kupangiwa shule. Kwa kuwa nilikuwa nangoja tu, nikaambiwa nikashike mpango wa watoto wa likizo kwenye bustani ya watu wote kule Ufukoni. Nilipanga chumba Rahaleo kwa Bi. Somoe, mjane aliyekuwa na nyumba ya vyumba vinne na sauti ya kutosha vyumba vyote vinne. Changu kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha moja la ubao lililofungwa kwa kipande cha kitambaa, na meza iliyotikisika kila nilipoegemeza kiwiko. Kuta hazikufika juu. Ziliishia chini ya makuti, na neno lililosemwa chumba cha kwanza lilisikika mpaka cha mwisho. Chumba kilichopakana na changu alikaa Zuhura, mpwa wake Bi. Somoe, na mtoto wake mchanga, huyohuyo niliyemkuta mkekani. Zuhura alinizidi miaka kama mitano. Alikuwa kibarua wa ile bustani nilikopelekwa, na asubuhi ya kwanza tulipotoka pamoja aliniangalia viatu vyangu, akacheka, akasema, "Mwalimu, hivyo vitakufa kabla ya Jumamosi." Vilikufa Alhamisi.

Tulikula uani, sote kwenye sinia moja. Ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, au ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini vyembamba ambavyo mimi, mtu wa bara, nilichukua muda kuvizoea kisha nikashindwa kuviacha. Siku njema palikuwa na changu wa kukaanga, na Bi. Somoe alinitilia kichwa upande wangu, heshima ambayo sikujua ni heshima mpaka Zuhura aliponieleza. Baada ya kula nilikwenda chumbani kupanga michezo ya kesho yake, na kupitia juu ya ukuta niliwasikia wakiosha vyombo na kunijadili kana kwamba nimesafiri. "Huyo mwalimu wako ana moto sana," Bi. Somoe alisema mara moja. "Atakuponza. Waliosoma wana pa kwenda. Wewe una wapi?" Zuhura akajibu, "Shangazi, anapenda kazi. Hukai na mtu anayependa kazi kila siku." Nililala nimefurahi. Nilisikia lile la Zuhura tu. Lile la shangazi yake nililipuuza, na leo naona kwamba la shangazi ndilo nililopaswa kukaa nalo.

Bustani yenyewe watoto waliiita Mivinjeni, kwa ajili ya safu mbili za miti ya mivinje iliyoikinga na bahari. Upande wa barabara palikuwa na majani na maua kidogo, katikati uwanja wa mchanga wenye bembea mbili za mabomba, na huko mwisho ile mivinje, inavuma mchana kutwa katika upepo wa kusi. Ilipandwa zamani kwa ajili ya watu waliokuja na mbwa wao jioni. Baada ya uhuru ikawa yetu, ikakabidhiwa Kamati ya Bustani, na kwa kweli ikawa ya watoto. Likizo ya katikati ya mwaka walikuja tangu saa mbili asubuhi. Tulicheza rede, tuliruka kamba, wavulana walifukuzana na mpira wa matambara, wasichana walikaa chini ya mivinje na mdako wao. Wa Rahaleo, wa Ufukoni, watoto wa makarani wa bandari wenye soksi, na watoto wa waliovuka mto wasio na viatu, ambao mwanzoni walisimama pembeni wakitazama. Zuhura aliwavuta kwa njia yake. Aliwapa kazi.

Maana kazi ilikuwapo. Bahari ilikuwa inakula ile bustani. Kusi iliyopita ilikuwa imeangusha mivinje sita, na pale ilipoanguka mchanga uliporomoka kama unga. "Mvinje ukianguka mchanga unaondoka," Zuhura alinieleza akichora chini kwa kijiti, "na mchanga ukiondoka mvinje wa nyuma yake unaanguka. Mwisho tutapanda bembea ndani ya maji." Hakuna aliyemfundisha hayo, aliyaona kwa macho yake kwa miaka minne ya kufagia pale. Alikuwa ameotesha miche kwenye makopo ya maziwa nyuma ya banda la vifaa, mingi kuliko ambayo angeweza kuihudumia peke yake. Mimi nikatoa wazo kwamba kila mtoto apewe mche wake. Tukakwaruza majina kwenye makopo kwa msumari. Ndivyo nilivyomjua Rozalina, msichana wa miaka tisa aliyevuka mto na mama yake na aliyekuwa na Kiswahili cha maneno kumi. Nilipomuuliza jina la kukwaruza, alijigonga kifua akasema, "Nangu," yaani mimi, kwa Kimakonde. Nikadhani ndilo jina lake, nikaanza kuandika. Watoto walicheka mpaka wakalala chini, naye akacheka kuliko wote. Baada ya wiki mbili tulihamisha miche kutoka makopo, tukaipanda mstari mmoja ukingoni, na kila asubuhi kabla ya michezo kila mtoto alimwagilia wake. Sijawahi kufundisha darasa lililokuwa na nidhamu kama ile, na nilifundisha miaka thelathini na minane.

Mwenyekiti wa Kamati ya Bustani alikuwa Bwana Nachundu. Nataka nimtendee haki, ingawa inaniwia vigumu. Hakuwa mwizi, hakuwa mlevi, wala hakuwa mvivu. Alivaa suti ya kaunda iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ingeweza kukata, na alikuwa na imani kwamba kitu kizuri ni kile kisichoguswa na mtu. Wiki ya tatu ya likizo alikuja na habari kwamba mgeni mkubwa atatembelea Mtwara na ataifungua bustani yetu rasmi. Nikasema, "Lakini, mwenyekiti, iko wazi tayari." Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha ngeni. Siku mbili baadaye vilikuja vigingi na seng'enge. Mafundi waliizungushia bustani nzima, wakaweka lango na kufuli, na kwa kuwa mbuzi walikuwa wakipita ufukweni maji yanapokupwa, wakaendelea na vigingi mpaka ndani ya maji. Watoto walikatazwa kuingia mpaka mgeni aje, ili wasichafue. Bomba likafungwa, maji yakaachwa kwa majani ya mbele tu, pale mgeni atakapopita. Zuhura na vibarua wenzake wakapewa ndoo za chokaa wapake mawe na mashina ya miti. Kuhusu miche yetu, mwenyekiti alisema vile vijiti havipendezi, mgeni akishaondoka vitaangaliwa.

Mgeni alikuwa aje wiki ile. Kisha ikawa wiki inayofuata. Kisha mwisho wa mwezi. Nikaandika barua kwa Kamati kuomba watoto waruhusiwe asubuhi tu. Nikajibiwa kwamba barua ipite kwa katibu. Katibu akasema haina nakala. Nikaiandika upya na nakala, akaipiga muhuri, akasema imepokelewa na inashughulikiwa. Nilipouliza inashughulikiwa na nani, akasema na Kamati. Watoto walikaa nje ya seng'enge wameshika waya kwa vidole, wakitazama bembea zao zikitikiswa na upepo. Nilijaribu kuwachezesha rede barabarani, lori la bandari likapiga honi, tukatawanyika kama kuku. Wavulana wakaanza kwenda kucheza gatini, ambako kwa kweli kulikuwa na hatari. Wasichana wakarudishwa nyumbani kutwanga. Hicho ndicho kilichonichoma, na nikiandika hivi bado kinanichoma: likizo ni wiki chache, mtoto ana likizo chache kabla hajawa mtu mzima, na sisi tulichukua moja nzima tukaifungia ndani ya waya ili ipendeze.

Siku moja nilikaa kwenye benchi nje ya chumba cha Kamati kungoja jibu la barua ya tatu. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Ndani, Bwana Nachundu na katibu walikuwa wanakunywa chai, nilisikia vijiko. "Wamesema hatakuja tena safari hii," katibu alisema. "Labda baadaye, labda asije kabisa. Tufungue?" Kijiko kikazunguka. "Ukifungua leo," alisema Bwana Nachundu, "kesho itakuwa kama sokoni. Nimekwisha kuandika kwamba bustani iko tayari. Akija ghafla nitasema nini? Iache." Nilisimama nikaondoka bila kungoja jibu langu, maana nilikuwa nimekwisha kulipata. Nilimkuta Zuhura amechuchumaa langoni, amejaa chokaa mpaka kwenye nyusi. Nikamwambia. Hakushangaa. Akanyoosha brashi yake kuelekea ukingoni. "Ile ya kwanza imekauka," akasema. "Naiba debe mbili kila asubuhi kabla hawajaja. Haitoshi. Baada ya siku kumi hatutakuwa na kitu."

Wazo lilikuwa langu. Naliandika wazi ili lisipotee: wazo lilikuwa langu. Siku za bamvua maji yanakupwa mbali sana, na asubuhi kigingi cha mwisho cha seng'enge kilibaki kikavu kabisa, mtu aliweza kukizunguka kwa miguu. Nikasema tuchukue watoto wakubwa, wachote maji kisima cha Ufukoni, wapite ufukweni, wazunguke kigingi, wamwagilie, watoke. Zuhura hakupenda. Alikataa jioni ya kwanza, akakataa asubuhi yake. Nilimwambia kwamba yeye ndiye aliyeotesha ile miche na sasa anaiacha ife kwa kumwogopa mtu mmoja. Nilikuwa najua pa kumgusa. Mwishowe akakubali kwa sharti. "Kuna jiwe jeusi pale mbele ya kigingi," akasema. "Maji yakiligusa, wote watoke, hata kama kopo liko mkononi. Usingoje liloe. Yakiligusa tu. Bahari hii ikianza kurudi hairudi polepole." Nikaahidi. Alinirudisha nyuma mara mbili: "Sema tena." Nikasema tena.

Tulikwenda siku nne, na sitadanganya, zilikuwa siku nzuri. Watoto wanane kwenye mstari, makopo na vidumu vichwani, wanatembea juu ya mchanga uliolowa, wanapita mwisho wa ule waya kwa kicheko cha kunong'ona. Miche ikaanza kusimama. Rozalina, mdogo kuliko wote, alikuwa na debe dogo lililopigwa mpini wa waya, na alikataa kubebewa. Aliumwagilia mche wake, kisha akauchuchumalia akauambia maneno ambayo sikuyaelewa. Zuhura alikuwa mbele na chokaa yake. Ikifika karibu na saa sita alijifanya anakwenda bandani, akaja kuhakikisha tunatoka.

Siku ya tano Bwana Nachundu alitokea kati ya mivinje, saa sita haijafika. Sijui nani alimwambia, au kama alikuwa akitembea tu. "Ndugu mwalimu," alisema, "hawa wameingilia wapi?" Sikuogopa. Ningeogopa, mambo yangekuwa tofauti. Nilikuwa na wiki tatu za hasira mdomoni. Nikamwambia watoto wanafanya kazi ambayo Kamati imeshindwa kuifanya. Akasema nawafundisha watoto kuvunja amri. Nikasema amri yenyewe ni ya uongo, mgeni haji, na yeye anajua haji. Uso wake ukabadilika, na nikaona utamu. Nikaendelea. Nikamkumbusha chai na kijiko. Watoto walikuwa wamesimama na makopo yao, wakitutazama mmoja baada ya mwingine. Nikawaambia, "Endeleeni kumwagilia, hamna kosa," kisha nikamgeukia tena. Niligeuka kumtazama yeye. Ili kumtazama yeye ilibidi niipe bahari mgongo.

Aliyetushtua ni Zuhura. Alikuja mbio kutoka mbele, brashi bado mkononi. "Stela! Maji! Maji, wewe!" aliniita. Nikageuka. Jiwe jeusi halikuwapo. Watoto walikwisha kuanza kutoka wenyewe, kwa kuwa walijua sharti kuliko mimi. Saba walikuwa upande wa pili tayari, maji kiunoni, wameshikana mikono. Rozalina alikuwa nyuma na debe lake. Wimbi likamsukuma kwenye waya. Gauni lilinaswa kwanza, kisha akajaribu kujivuta, na mguu ukaingia kati ya nyuzi mbili chini ya maji. Alilia mara moja, kisha akafunga mdomo maji yasimwingie. Zuhura alikwisha kuwa ndani. Alimshika kidevu kwa mikono miwili akakiinua juu, na yeye mwenyewe wimbi lilimfika masikioni. "Koleo!" alipiga kelele. "Bandani! Koleo!" Mimi nilisimama. Nimejaribu miaka yote hii kukumbuka nilifanya jambo gani, na ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa nimeshika kopo la mtoto mwingine na nilikuwa makini lisimwagike. Aliyekimbia ni Bwana Nachundu. Alikimbia mpaka bandani, akarudi na koleo la kukatia waya, akaingia baharini na viatu vyake na kaunda yake iliyopigwa pasi, akazama. Akaibuka, akavuta pumzi, akazama tena. Mara ya tatu waya ukaachia. Alimtoa mtoto begani, damu ikichuruzika mguuni mwa mtoto na mkononi mwake yeye, akakimbia naye barabarani akisimamisha gari. Lori la bandari likawachukua hospitali.

Mguu ulishonwa. Siku ya pili ukavimba, siku ya tatu homa ikapanda, na kwa wiki nzima hatukujua kama ataubakiza. Alibaki nao, na kovu refu toka goti mpaka kifundo. Nilikwenda kumwona hospitali. Mama yake alikuwa amekaa chini pembeni ya kitanda, anamenya muhogo uliochemshwa. Hakuna aliyemweleza sawasawa. Alijua tu kwamba wanawake wawili walikuwapo, na mwalimu ni mmoja wao. Akanishika mikono yote miwili. "Ahsante, mwalimu," alisema, Kiswahili chake kizito, "ahsante, ahsante," akanipa kipande cha muhogo. Nikakila pale mbele yake.

Kikao kiliitwa wiki iliyofuata, katika chumba cha Kamati. Meza ndefu, kitambaa cha kijani, sahani ya sambusa katikati na chai. Kila kitu kilinuka chokaa. Walikuwapo wajumbe watano, katibu, Bwana Nachundu na bendeji mkononi, na sisi wawili kwenye viti vya mwisho. Ndani ya mkoba wangu palikuwa na barua niliyoipokea jana yake: nimepangiwa shule Mahurunga, niripoti muhula ukianza. Katibu akasoma maelezo marefu yaliyokuwa na kila kitu isipokuwa sababu. Kisha mjumbe mmoja akauliza, "Nani aliyewaruhusu watoto kupita baharini?" Nilijua jibu. Lilikuwa neno moja, herufi nne. Nikafikiria mkoba wangu. Nikafikiria kwamba labda watauliza tena, kwa namna nyingine, na hapo nitajibu vizuri zaidi, kwa maelezo. Zuhura alinigeukia akanitazama. Si kwa ukali. Alinitazama tu, muda wa kutosha kuhesabu mpaka kumi. Mimi nilikuwa natazama sambusa. "Mimi," Zuhura akasema. "Mimi ndiye kibarua wa bustani. Nilijua maji yanapojaa."

Bwana Nachundu alijua. Mimi ndiye niliyegombana naye, si Zuhura. Alinitazama kutoka upande wa pili wa meza, na nikaona anapima. Kunitaja mimi kungeleta maswali: tuligombana juu ya nini, na mgeni gani, na barua tatu ziko wapi. Kibarua anafukuzwa kwa mstari mmoja. Akachukua kalamu kwa ule mkono wenye bendeji, akaandika. Nimemchukia mtu yule nusu ya umri wangu kwa mstari ule, na nikiwa mkweli namchukia zaidi kwa kuwa alizama mara tatu, kwa sababu inaniondolea raha ya kumchukia vizuri.

Jioni ile nilikuta sinia moja uani, na Bi. Somoe na Zuhura wamekaa pande zake mbili. "Chakula chako kiko chumbani, mwalimu," Bi. Somoe alisema, bila kuinua macho. Kilikuwa kwenye sahani ya bati, juu ya ile meza inayotikisika, kimefunikwa vizuri kwa kawa. Hakunifukuza, hakunitukana. Alinihudumia kama mpangaji mpaka siku niliyoondoka, na sikuwahi tena kusikia neno juu ya ukuta, walijifunza kunong'ona.

Mgeni alikuja, baada ya shule kufunguliwa, watoto wako madarasani. Aliteremka, akakata utepe, akanywa dafu nusu, akasifu mawe meupe, akaondoka. Kufika mwisho wa mwaka ule vigingi vilikuwa vimeng'olewa kimoja kimoja kwa ajili ya mabanda ya kuku, na hakuna aliyeuliza. Miche michache ilishika. Juzi nilipotoka kwenye arobaini nilipita kuitazama. Ipo, minene, labda saba au minane, na bahari imeishia hapo ilipo. Chini yake kumejaa chupa za plastiki na mifupa ya kuku wa kuchoma, na kibao kinachowaomba watu watunze mazingira kimepigiliwa misumari minne kwenye shina la mvinje wenyewe. Nilisimama pale na hasira zangu, bibi kizee peke yake, mpaka kijana mmoja akaniuliza kama nimepotea.

Siku ya kuondoka kwenda Mahurunga nilikwenda sokoni kutafuta lori. Zuhura alikuwa pale, kwenye ukumbi wa duka la mchele, na wanawake wengine wanaopepeta. Ndiyo kazi aliyopata. Alikuwa na ungo mapajani, mtoto mgongoni, pumba zimemkaa kwenye nywele. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Nikachuchumaa mbele yake, nikaanza: dada Zuhura, siku ile, mimi. Akaninyamazisha kwa kuendelea kupepeta.

"Siku ile ulikuwa na mdomo?" akauliza baadaye.

"Nilikuwa nao."

"Basi." Akarusha mchele, akaudaka. "Hasira zangu si za kazi, Stela. Kazi ni kazi, hata hii ni kazi. Na mtoto wa watu, hilo tutaulizwa sote wawili. Hasira zangu ni kwamba nilikungoja. Nilikaa kimya nikakupa nafasi. Watu wote pale waliona nakungoja."

Nilibaki nimechuchumaa, wanawake wa kulia na kushoto wakijifanya hawasikii. Alipepeta ungo mzima, akaumimina guniani, akaniangalia.

"Lori lako linaondoka saa ngapi?"

"Saa nane."

"Sasa hivi saa sita." Akavuta ungo mwingine kutoka nyuma yake akaniwekea mapajani, akautia mchele. "Pepeta. Na mawe utoe."

Nikakaa chini, na nguo zangu za safari, nikapepeta. Sikuwa hodari, mchele ulinimwagikia, pumba zikaniingia machoni, na hakuna aliyenisaidia wala kunicheka. Dereva alipiga honi mara ya kwanza, nikaendelea. Alipopiga mara ya tatu nikasimama, nikampa ungo wangu kwa mikono miwili. Aliupokea, akauinamia, akapitisha vidole ndani ya mchele taratibu, akatoa mawe mawili niliyoyaacha.